Kisogo cha Mheshimiwa Mpinzani

Ipo nchi moja ambayo jina lake silitaji, kwa sababu lilibadilishwa juzi na jipya bado halijafika mtaani kwetu. Ni nchi nzuri. Watu wake wanasalimiana hata wakiwa na haraka, na viongozi wake wanawapenda sana watu, hasa wakiwa wamekaa.

Nchi hiyo ina wakubwa wawili. Wa kwanza ni Mheshimiwa Kiongozi, ambaye hana ndevu wala masharubu, na huvaa suti nyeupe. Wa pili ni Mheshimiwa Mpinzani, ambaye ana masharubu mazito na miwani nyeusi. Zamani hatukuwa na Mpinzani. Wafadhili walipokuja wakasema lazima tuwe naye, tulimtafuta mtu wa kujitolea, na kila tuliyemwuliza alikumbuka kuwa ana shamba la kupalilia. Mheshimiwa Kiongozi alisikitika kuona tunaaibika mbele ya wageni. Akasema tusihangaike, atatupatia mtu. Na kweli haukupita muda Mpinzani akapatikana, mtu mzima, mwenye sauti nzuri, tena anayeijua Ikulu hata gizani.

Hatujabahatika kuwaona pamoja. Siku Kiongozi akihutubia, Mpinzani huwa na homa. Siku Mpinzani akifanya mkutano, Kiongozi huwa safarini. Sisi wazee tunawaombea wote wawili, mmoja afya, mwingine safari njema.

*

Mjukuu wangu Sengo nimemlea tangu hajaota meno, na kwa utani wetu wa bibi na mjukuu namwita mume wangu. Yeye ni mtafsiri wa muvi. Anakaa pembeni ya televisheni katika kibanda cha mtaani kwetu, anapunguza sauti ya wenyewe, kisha anashika kipaza sauti na kuwasemea kwa Kiswahili. Ametafsiri muvi za Kichina, za Kikorea na za Kihindi. Lugha hizo hajui hata moja. Anaitazama midomo na mikono, anawahurumia, halafu anasema. Watu wanatoka pale wameelewa kila kitu.

Ikaja muvi kutoka India, upande wa Watelugu. Steringi wake, yaani mwigizaji mkuu, anaitwa Narahari Babu, na hilo la Babu lilitutatiza, maana hana hata mvi moja na anaruka juu ya treni. Jina la muvi lilikuwa refu mno kwa meno yetu, kwa hiyo tukaiita Masharubu.

Ni habari ya mapacha waliopotezana kwenye sherehe za hekalu. Mmoja alilelewa na tajiri, akawa waziri, hana masharubu, anavaa nyeupe tupu. Mwingine alibaki kijijini na mama yao, akawa mkulima, ana masharubu. Yule waziri ameugeuza mto wa kijiji uende kwenye bustani yake, kwenye chemchemi na tausi, na kijijini watu wanalamba vumbi. Nchini kwetu pia mabomba hayatoi maji, lakini kwetu ni kwa sababu ya hali ya hewa. Bustani ya Ikulu hali yake ya hewa ni nyingine. Ukipita na ndoo yako kando ya ukuta unasikia chemchemi, na inaburudisha moyo.

Mwishoni mkulima anaingia kwenye jumba la waziri. Anasimama mbele yake, ametupa kisogo, na Sengo anamsemea kwa sauti nzito:

"Kaka, maji ya mama yetu umeyapeleka wapi?"

Waziri anamtazama, hasemi. Hapo kibanda kizima hupiga kelele kwa pamoja, "Mjibu nduguyo!" Ndiyo desturi. Hata mimi nilikuwa nikipiga. Kisha waziri anatokwa na machozi na kusema, "Bustani yangu ilikuwa na kiu, kaka. Nikayavuta yote kwangu. Nisamehe." Mto unafunguliwa. Waziri anavua suti yake, anamwachia nduguye kiti, anachukua jembe, na wimbo unapigwa.

Hayo ni maneno ya Sengo. Kwa Kitelugu huenda walikuwa wakizungumzia mahari.

Sifa za muvi hiyo zilifika Ikulu. Mheshimiwa Kiongozi akaitaka, na kwa kuwa pale hakuna aliyejua Kitelugu, hata balozi aliyekaa huko, walichukua nakala iliyorekodiwa kwa sauti ya mjukuu wangu. Tuliambiwa Mheshimiwa anaitazama kila akimaliza chakula, na kwamba kwenye ile sehemu ya mwisho naye hutembeza midomo. Nilifurahi. Mtu mwenye kazi nyingi anahitaji kitu cha kumliwaza.

*

Katika nchi hiyo hairuhusiwi kuipenda muvi kabla haijapendwa na Baraza la Taifa la Uhakiki. Mwenyekiti wa Baraza ni Profesa Lutengano, msomi mpole anayeandika katika magazeti yote mawili. Gazeti la serikali linaitwa Ndiyo. La upinzani linaitwa Hapana. Yanachapwa kwenye mashine moja ili kuokoa umeme.

Katika Ndiyo aliandika: "Nchi imeipenda muvi hii kuanzia jana saa nne asubuhi. Ustadi wa Narahari Babu ni kwamba mtu mmoja amebeba nafasi mbili zinazopingana, na hakuna aliyemgundua. Huu ni mfano wa kuigwa na kila mwenye dhamana."

Katika Hapana aliandika: "Tunapinga. Angeweza kubeba tatu."

Basi tukaipenda kwa amani. Mchana mmoja kibanda kimejaa, mtu amenipisha benchi la mbele kwa ajili ya miguu yangu, jirani yangu Bi Tatu akanyoosha mkono. Bi Tatu alikuwa ameiona muvi ile kuliko hata wenye kibanda.

"Sengo baba, niambie leo nisife na dukuduku. Hawa mapacha ni watu wawili?"

"Mtu mmoja, mama. Narahari Babu peke yake."

"We! Na masharubu?"

"Ya gundi hayo. Anabandika, anabandua."

"Mbona wanaongea wao kwa wao? Unanichezea, mimi si mtoto."

"Tazama vizuri, Bi Tatu. Umeshawaona wote wawili wamekupa uso? Mmoja akikutazama, mwenzake kakupa kisogo, na hicho kisogo ni cha kibarua tu. Vinginevyo huwaoni pamoja. Mtu ni mmoja, atafanyaje? Akitokea huyu, lazima yule aumwe au asafiri."

Hakuwa na nia yoyote. Alikuwa anaeleza muvi.

Mshona viatu mmoja akakohoa. Bi Tatu akasema, polepole, "Ahaa." Halafu akasema, "Haya, endelea, baba," lakini sauti yake ilikuwa imeshabadilika.

Ilikuwa karibu na saa ya habari, na sheria yetu inataka kila muvi isimamishwe ili watu waburudike kwa habari. Msomaji akasema Mheshimiwa Kiongozi ameondoka asubuhi kwenda ng'ambo. Kisha akasema Mheshimiwa Mpinzani, ambaye amepona, amehutubia wananchi. Tukamwona amesimama juani. Joto lilikuwa kali. Katikati ya hotuba alinyanyua kidole akaibonyeza ncha ya sharubu lake la kushoto, kama mtu anayebandika stempu.

Hakuna aliyecheka. Benchi zima lilitazama viatu vyake.

Koplo Ndimbo, ambaye hukaa benchi la nyuma kwa siri na kila mtu humsalimu akiingia, alisimama. Akaja mpaka mbele.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, itabidi nimkamate Sengo."

"Sasa hivi?"

Akatazama televisheni. "Muvi ikiisha," akasema, akakaa chini kwenye mkeka. Na ilipoisha alimwacha Sengo anywe maji kwanza, akambebea na kipaza sauti chake kisije kuibiwa. Siku hizi si rahisi kupata askari wa namna hiyo.

*

Waziri wa Maoni ya Wananchi, Dokta Mshindo Pazi, aliniita mimi mwenyewe ofisini kwake na kunipa kiti chenye mto. Sengo alikuwa amesimamishwa mbele ya meza.

"Ndugu Sengo," Waziri alisema, "serikali haina ugomvi na wewe. Serikali ina ugomvi na idadi. Wewe umesema mmoja. Serikali, baada ya kutafakari kwa kina na kwa gharama, inasema wawili."

"Lakini mheshimiwa, Profesa naye aliandika mmoja."

"Profesa ameitazama upya kwa jicho la kizalendo."

Ilikuwa kweli. Asubuhi ile Ndiyo lilikuwa limeandika: "Baraza limebaini kuwa muvi hii ina waigizaji wawili wasiojuana kabisa. Narahari ameigiza mkulima. Babu ameigiza waziri." Na Hapana likaandika: "Tunapinga vikali, ingawa ni kweli ni wawili."

"Tatizo," Waziri aliendelea, akageuza kiti chake upande wangu, "ni hili neno Ahaa. Limeenea, Bibi. Watu wakikutana sokoni, Ahaa. Wakiona picha ukutani, Ahaa. Nilitaka kulipiga marufuku, lakini Mheshimiwa mwenyewe hulitumia akiletewa chai. Kwa hiyo imeamuliwa kwamba Mheshimiwa Kiongozi na Mheshimiwa Mpinzani waonekane pamoja, uwanja wa taifa, mbele ya watu wote."

Waziri akachezea kalamu.

"Na huyu," akasema hatimaye, akimwonyesha Sengo kwa kalamu, "ndiye pekee nchini anayejua inavyofanyika."

Ndivyo mjukuu wangu alivyofunguliwa. Alikamatwa kwa kusema, akatolewa ili atende.

"Nikishindwa je, mheshimiwa?" Sengo aliuliza.

"Utanyamaza."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka itakapoamuliwa vinginevyo. Kipaza sauti kitataifishwa, na wewe hutasema tena. Popote."

"Hata nyumbani?" nikauliza.

"Hata nyumbani, Bibi."

"Hata hodi hatapiga?"

"Atagonga."

Nikakitazama kiti kile kizuri nilichopewa. Nyumba yangu ina sauti mbili tu, yangu na yake, na yangu imeshachoka. Asubuhi ananiamkia kutoka uani kabla sijamwona, na ndipo najua kumekucha. Nilimshukuru Waziri kwa mto, tukaondoka.

Njiani Sengo akasema, "Mke wangu, usihofu. Kazi yenyewe ndogo."

"Basi fanya kama walivyokuandikia, mume wangu. Usiongeze chumvi."

"Siongezi."

"Wewe huongeza hata kwenye salamu."

Akacheka. Nilikisikiliza kile kicheko mpaka kikaisha.

*

Kwanza kilitafutwa kisogo. Iliundwa Tume ya Kisogo, ikazunguka nchi nzima ikipima wanaume shingo, na ikamaliza posho yake bila kufanikiwa. Ikarudi kuripoti, na aliyewafungulia lango alikuwa Koplo Ndimbo. Alipogeuka kuwaonyesha njia, wote wakasimama. Kilikuwa kisogo kile kile cha Mheshimiwa Mpinzani, na mkunjo wake.

Koplo hajawahi kumpinga mtu yeyote. Wakamvisha koti la Mpinzani na miwani, wakambandika masharubu, ingawa uso wake usingeonekana. Walisema ni kumsaidia kuingia katika hali. Mwenyewe alilalamika kwamba gundi ya serikali inawasha.

Mpango ulikuwa hivi. Mheshimiwa Kiongozi atasimama jukwaani akiwatazama watu. Mpinzani atasimama mbele yake, amewapa watu kisogo. Sengo atajificha chini ya jukwaa na kipaza sauti, atasema kwa niaba ya kisogo: "Mheshimiwa, ninakupinga." Kiongozi atajibu: "Ninakushukuru kwa kunipinga kwa nidhamu." Pazia litafungwa, bendi itapiga, watu wataenda nyumbani na soda.

Siku ile uwanja ulijaa. Mtaa wetu wote tulikaa pamoja. Koplo alikuwa amemwagiza mwenzake aniwekee nafasi karibu na jukwaa, na kupitia upenyo wa mbao niliweza kuuona mkono wa Sengo. Ulikuwa umeshika kipaza sauti.

Dokta Pazi alihutubia kwanza. "Wananchi, leo mtaona wawili," alisema. "Wahesabuni kwa utulivu. Wa kwanza ni mmoja, na wa pili pia ni mmoja. Atakayepata jibu tofauti aonane na mimi."

Pazia likafunguliwa.

Mheshimiwa Kiongozi alikuwa amesimama katika suti yake nyeupe. Mbele yake kisogo, mabega mapana, koti jeusi. Uwanja ukakata pumzi. Mimi pia nilikata, lakini si kwa sababu ya kuona wawili. Ile ilikuwa ni sehemu ile ile ya muvi. Suti ile, kisogo kile, hata jua lilipiga upande ule ule. Bi Tatu akanishika mkono akanong'ona, "Mama yangu, tumefika mwisho wa muvi."

Na Sengo naye, pale chini, hakuona kitu kingine ila suti nyeupe na kisogo. Baadaye aliniapia kwamba maneno aliyoandikiwa alikuwa nayo kichwani. Ila mdomo ulishaizoea njia ile. Ulipoiona ukaenda wenyewe.

"Kaka," ilisema ile sauti nzito tunayoijua wote, "maji ya mama yetu umeyapeleka wapi?"

Nikafumba macho. Nikajua ndiyo mara ya mwisho kuisikia.

Halafu uwanja mzima, kwa mazoea tu, wala hakuna aliyekuwa na ubaya wowote, ukasema kwa pamoja, "Mjibu nduguyo!"

Nilipofumbua macho, Mheshimiwa Kiongozi alikuwa ameachama. Nilikuwa karibu, nilimwona vizuri. Alianza, "Nina... ninakushu..." Akaishia hapo. Akakitazama kile kilichokuwa mbele yake. Koplo Ndimbo, maskini, asijue la kufanya, alikuwa amefungua viganja vyake viwili kama Narahari Babu anavyofanya.

Nilimwonea huruma Mheshimiwa. Miaka yote hiyo amejiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe, kwenye majukwaa, kwenye redio, ameumwa na kusafiri kwa zamu bila mtu wa kumpokea. Ilikuwa mara ya kwanza mtu mwingine kumwuliza kitu. Na muvi ile aliipenda kutoka moyoni. Niliiona midomo yake ikianza kutembea kama walivyosema inavyotembea baada ya chakula, na machozi ya kweli yakamshuka.

"Bustani yangu ilikuwa na kiu, kaka," alisema. "Nikayavuta yote kwangu. Nisamehe."

Uwanja ulilipuka. Watu walilia, walipiga miluzi, walirusha kofia. Dokta Pazi alikuwa wa kwanza kupiga makofi, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, kisha mikono yake ikabaki hewani bila kukutana. Pazia likafungwa kwa taabu kwa kuwa aliyelivuta alikuwa akijifuta macho.

*

Sengo alichukuliwa kutoka chini ya jukwaa kabla sijamfikia, na Baraza la Taifa la Uhakiki likakutana kwa dharura, kwa sababu ilibidi kujulikane tumeona nini. Milango ilifungwa, lakini madirisha yalikuwa wazi kwa joto, na mwenye kuwapelekea chai ni binamu yake Bi Tatu.

"Ikiwa ni kweli," Profesa Lutengano alisema, "basi kosa la maji limekiriwa, na itabidi mtu akamatwe. Nani atamkamata, na atamkamata nani?"

"Basi ni uigizaji," Waziri alisema haraka.

"Ikiwa ni uigizaji, mheshimiwa, basi yule kijana hakusema neno lolote. Ni muvi tu iliyosema. Tukimnyamazisha, tumesema ni kweli."

Binamu anasema walimaliza birika tatu.

Asubuhi Ndiyo likaandika: "Nchi imeshuhudia uigizaji bora kuliko wote tangu uhuru. Narahari na Babu wamefunikwa, wote wawili." Na Hapana likaandika, kwa mara ya kwanza: "Hatuna la kuongeza."

Mambo yangeishia hapo. Lakini Mheshimiwa Kiongozi, alipoyasoma hayo, alifurahi kama mtoto. Akaita watu wake, akawauliza muvi nzuri kama ile inakatwaje katikati. Mto lazima ufunguliwe. Steringi hamwachi mtazamaji njiani. Mafundi wakaenda kwenye bustani ya Ikulu, wakazungusha kitu fulani, chemchemi ikashuka, tausi wakapanda juu ya ukuta kutazama kuna nini.

Nilikuwa uani nachambua mchicha. Bomba letu likakohoa, likatema kutu, likatulia, kisha likaanza kutoa maji meupe. Nikasimama nikiliangalia. Nyuma yangu sauti ikasema, "Hodi, mke wangu."

Hakugonga. Alipiga hodi.

Koplo Ndimbo ndiye aliyemleta, amembebea kipaza sauti. Bado alikuwa na masharubu. "Shikamoo Bibi," alisema kwa unyonge. "Hayabanduki." Nikampaka mafuta ya nazi, lakini hayakubanduka, na ukweli yanampendeza.

Nikamjazia Sengo kikombe kutoka bombani. Akanywa chote, akasafisha koo, akaniuliza, "Bibi, unakumbuka kinachofuata baada ya mto?"

"Nakumbuka. Waziri anavua suti, anamwachia nduguye kiti."

"Ehe."

"Na Baraza wanasemaje?"

"Hiyo sehemu bado hawajaifanyia uhakiki."

Jioni ile hatukwenda kibandani. Mtaa wetu ulinyanyua mabenchi, mitaa mingine ikanyanyua viti vyao, tukayapanga vizuri mbele ya lango la Ikulu, safu kwa safu, wenye miguu mibovu mbele. Hakuna aliyepaza sauti. Dokta Pazi alitoka akatutazama, akauliza tunataka nini. Bi Tatu akamjibu kwa heshima zote kwamba hatutaki kitu, mheshimiwa, muvi haijaisha. Akarudi ndani kuuliza afanye nini. Nadhani hajapata jibu, kwa sababu viongozi wetu, kama nilivyosema, wanawapenda sana watu, hasa wakiwa wamekaa.

Sengo ameweka kipaza sauti mapajani. Koplo Ndimbo amesimama langoni, masharubu yake mazito, anatutazama, ametupa uso.

Tumekaa.